Sakafu ya nyumba ya zamani Ujiji: marumaru, niru mpya au kapeti la plastiki?

Mwana wa Ujiji

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninaomba ushauri kuhusu nyumba ya marehemu baba iliyopo Ujiji, Kigoma, ambayo familia imeamua kuikarabati ndani badala ya kuibomoa, kwa kuwa kuta zake za matofali ya kuchoma bado zimesimama vizuri na bati tulilibadilisha miaka michache iliyopita. Nyumba ina sebule ya mita 5 kwa 4, vyumba vitatu vya kulala ambavyo kila kimoja ni mita 3.6 kwa 3, ukumbi mwembamba wa katikati, pamoja na choo na bafu tulivyoviingiza ndani baada ya baba kufariki. Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 71, anaishi humo na wajukuu wawili. Anatembea kwa mkongojo, na mchana hupenda kukaa chini juu ya mkeka pale ukumbini kwa sababu upepo wa ziwani hupita hapo.

Sakafu iliyopo ni ya saruji iliyopigwa niru nyekundu, ile ya kusuguliwa kwa polishi hadi ing'ae. Sebuleni imepata nyufa mbili ndefu, na katika chumba cha nyuma imeoza kabisa, kiasi kwamba ukifagia unakusanya mchanga wa sakafu yenyewe. Katika chumba hicho hicho rangi ya ukuta imebabuka kuanzia chini hadi kimo cha goti, na ukipitisha kiganja kinatoka na unga mweupe.

Mafundi watatu wamekwisha kuja na kila mmoja ana lake. Wa kwanza anataka marumaru nyumba nzima, wa pili anasema inatosha kupiga niru mpya juu ya ile ya zamani, na wa tatu, ambaye nimegundua kuwa ana duka, anashauri tutandike kapeti la plastiki juu ya sakafu jinsi ilivyo. Wadogo zangu walioko Dar es Salaam ndio wanaochangia sehemu kubwa ya fedha, nao wanataka marumaru kubwa nyeupe zinazong'aa. Mama alipoulizwa alijibu kwa neno moja tu, kwamba yeye anataka sakafu isiyomwangusha. Tumepanga kuanza kazi mwezi wa Julai, na fedha tuliyonayo haituruhusu kukosea na kurudia. Naomba mwenye uzoefu wa nyumba za huku kwetu anisaidie.

Fundi wa Gungu

Wa alaykum salaam, kaka. Mafundi wote watatu wamekujibu swali la mwisho kabla ya lile la kwanza, na hilo la kwanza ni hili: maji yanayooza chumba cha nyuma yanatoka wapi? Unga mweupe unaouona ukutani ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini ndani ya matofali, yakifika juu yanakauka, na chumvi iliyokuwa imeyeyuka ndani yake inabaki usoni na kuisukuma rangi ibabuke. Nyumba nyingi za zamani za Ujiji na Mwanga zilimwagiwa jamvi, yaani tabaka la zege la sakafu, moja kwa moja juu ya kifusi bila nailoni chini yake, na msingi wake hauna kizuizi chochote cha unyevu. Ukiweka marumaru hapo utakuwa umefunika tatizo kwa gharama kubwa, na ukipiga niru juu ya niru inayooza, ile mpya itaondoka pamoja na ya zamani.

Fanya jaribio dogo lisilokugharimu chochote. Chukua nailoni isiyotoboka, kata vipande vyenye upana wa nusu mita kila upande, ubandike kimoja sebuleni, kimoja ukumbini na kimoja katika kila chumba, huku ukiziba pande zote nne kwa gundi ya karatasi ili hewa isipite. Viache mchana na usiku, kisha vifunue. Ukikuta matone upande wa chini wa nailoni au saruji imebadilika rangi kuwa nyeusi, unyevu unatoka chini. Ukikuta umande upande wa juu tu, hiyo ni hewa ya chumba, na dawa yake ni madirisha. Lifanye sasa hivi kabla mvua hazijaisha. Mvua zetu huanza Novemba na kwisha Aprili, hivyo ukisubiri hadi Julai nailoni itakuambia sakafu ni kavu, nawe utaamini, halafu Januari utaniita.

Ukimaliza hapo, zunguka nje ya chumba hicho ukiwa na kamba na pimamaji, uone kama udongo wa nje uko juu au chini ya sakafu ya ndani. Huku kwetu kwenye miteremko mvua huleta udongo mwekundu kila mwaka na kuulaza ukutani, na baada ya miaka thelathini utakuta nyumba imezama bila mtu kugundua. Udongo wa nje unatakiwa uwe chini ya sakafu kwa angalau sentimita 15. Angalia pia maji ya paa yanaangukia wapi.

Kuhusu nyufa za sebuleni, gonga sakafu kwa mpini wa nyundo kando ya kila ufa. Pakilia kwa uzito, jamvi limeshika na ufa ni wa juu tu. Pakilia kama debe, tabaka la juu limeachana na zege na ni lazima litinduliwe. Ulete majibu hapa, ndipo tuzungumze aina ya marumaru.

Bibi wa Mwanga

Mwanangu, mimi nitazungumzia hizo marumaru nyeupe zinazong'aa, kwa sababu ninazo. Watoto wangu waliniwekea sebule nzima, za sentimita 60 kwa 60, na kwa kweli siku ya kwanza nyumba ilipendeza hadi majirani wakaja kutazama. Ndani ya mwezi mmoja nilikwisha kuzichoka. Udongo wetu ni mwekundu, na kila mguu unaotoka nje unaacha alama. Mjukuu akimwaga chai, huioni mpaka uikanyage. Mwaka juzi niliteleza wakati sakafu ilikuwa imepigwa deki na haijakauka, nikaangukia kiwiko, na mkono ulikaa kwenye bendeji ngumu wiki sita. Tangu siku hiyo nimetandika mikeka kutoka mlangoni hadi chumbani, kwa hiyo marumaru za watoto wangu ziko chini ya mikeka na hakuna anayeziona.

Mama yako anatembea kwa mkongojo, na mpira wa ncha ya mkongojo ukikutana na maji juu ya kigae laini ni sawa na kuusimamisha juu ya sabuni. Waambie wadogo zako kwamba wao watakuja Idi kwa siku nne, lakini mama yenu atakanyaga hapo siku zote zilizobaki. Chagueni rangi ya kahawia au ya udongo, yenye uso usiong'aa, ambayo ukiipapasa kwa kidole unasikia mkwaruzo kidogo. Unapokuwa dukani, omba kipande kimoja, ukimwagie maji, ukikanyage kwa mguu mtupu. Muuza duka akikukatalia, nenda duka lingine.

Mwenyeji wa Tabora

Nakubaliana na Fundi kuhusu unyevu, ingawa nina mawili ya kuongeza na moja la kumpinga Bibi, kwa heshima zote.

Kwanza, kapeti la plastiki. Hapa Tabora adui yetu mkubwa ni mchwa, na sidhani kama Ujiji wamesalimika. Niliwahi kutandika kapeti la plastiki katika chumba cha kulala, nikalisukumia kabati juu yake, na kwa miezi minane sikuliinua. Siku nilipolifunua nilikuta barabara za mchwa zimetambaa kutoka kwenye ufa wa sakafu, zimepita chini ya kapeti, zimepanda mguu wa kabati na kula mbao za nyuma zote. Kabati kwa mbele lilikuwa zima kama lilivyotoka kwa seremala. Kapeti la plastiki huzuia unyevu usitoke na huficha mchwa wasionekane, na vitu hivyo viwili mchwa anavipenda sana. Litandike tu mahali ambapo una hakika pamekauka, hapana ufa, na uwe na desturi ya kuliinua. Kwa chumba chako cha nyuma usilifikirie kabisa.

Pili, kwa kuwa mtatindua sakafu, tumieni nafasi hiyo kutazama fremu za milango. Kama ni za mbao laini na zimegusa ardhi, zibadilisheni kwa mninga kabla sakafu mpya haijawekwa, kwa sababu kubadili fremu baada ya marumaru ni kuvunja marumaru. Mninga hauliwi kirahisi na mchwa, na ukikaushwa vizuri haupindi. Zingatieni kununua mbao zenye kibali na risiti.

La kumpinga Bibi ni kwamba ukubwa wa kigae na ung'avu wake ni mambo mawili tofauti. Zipo za sentimita 60 zenye uso wa mkwaruzo, na zipo za sentimita 30 zinazoteleza kama barafu. Kwa hiyo wadogo zake wanaweza kupata ukubwa wanaoutaka, wakaacha ung'avu.

Mwana wa Ujiji

Nawashukuru wote, na shikamoo Bibi; nimemsomea mama maneno yako, akacheka na kusema huyo ni mwenzangu.

Nimefanya jaribio la nailoni juzi, siku moja baada ya mvua kubwa. Sebuleni, ukumbini na katika vyumba viwili vya mbele nailoni ilitoka kavu pande zote. Katika chumba cha nyuma sikuhitaji hata kuifunua yote, kwa sababu matone yalikuwa yamening'inia upande wa chini kama jasho, na saruji iliyofunikwa ilikuwa nyeusi kuliko ya pembeni. Nilipozunguka nje nilipata aibu. Nyuma ya ukuta huo ndipo lilipo karo la kuoshea vyombo, ambalo sisi wenyewe tulilijenga, na maji yake yanamwagika chini ya dirisha kila siku, masika na kiangazi. Udongo wa hapo uko juu ya sakafu ya ndani kwa upana wa vidole vinne. Tumekuwa tukilaumu ziwa, kwa kuwa miaka hii ya karibuni lilipanda hadi kufikia majengo ya kandokando, kumbe ni ndoo zetu.

Sebuleni ufa mmoja unalia kwa uzito, na mwingine, ulio karibu na mlango, unalia kama debe kwa eneo la takribani mita moja ya mraba. Sasa naomba Fundi anieleze nifanye nini chumba kwa chumba, na jinsi ya kununua marumaru bila kudanganywa.

Fundi wa Gungu

Hapo sasa tunaweza kuzungumza, kaka, na habari zako ni nzuri kuliko nilivyotegemea.

Anza nje, wiki hii hii, wala usisubiri Julai. Hamisha karo, ondoa udongo ukutani hadi ushuke sentimita 15 au 20 chini ya sakafu, na utengeneze mteremko wa kupeleka maji mbali na nyumba. Ukifanya hivyo sasa, ukuta utapata miezi mitatu ya kukauka kabla ya kazi ya ndani. Ndani ya chumba hicho bandua lipu iliyooza hadi sentimita 30 hivi juu ya mahali unyevu ulipoishia, piga matofali kwa brashi kavu utoe chumvi, na uyaache wazi yapumue. Usiyaoshe kwa maji, maana utairudisha chumvi ndani.

Sakafu ya chumba hicho itabidi itoke yote. Chimba, shindilia mawe unene wa sentimita 15, tandaza mchanga laini juu yake ili mawe yasitoboe, kisha laza nailoni nzito ya geji 1000 (hicho ni kipimo cha unene wake), ikipandiana kwenye maungio na kukunjwa juu ukutani. Juu ya nailoni mwaga jamvi la sentimita 10. Kwa chumba cha mita za mraba 10.8, hilo ni zege la zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo, na kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji, mchanga na kokoto, utatumia mifuko ya saruji isiyopungua saba. Limwagilie maji siku saba mfululizo. Mafundi wengi humwagilia siku mbili na kuondoka, halafu saruji inalaumiwa.

Katika chumba hicho ningekushauri upige niru usiweke marumaru, angalau kwa mwaka wa kwanza. Jamvi litakuwa jipya, ukuta bado utakuwa unatoa maji, na niru ukiiona inabadilika rangi utajua mapema, wakati marumaru zingekuficha. Vyumba viwili vya mbele, ambavyo sakafu yake imeshika, kwangu havihitaji kitu zaidi ya kuziba nyufa ndogo na polishi. Niru nyekundu iliyopigwa na mafundi wa zamani ni sakafu nzuri sana, na ninasikitika ninapoona watu wanaitindua nzima wakaweka kigae cha bei rahisi.

Fedha ya marumaru iende sebuleni, ukumbini na bafuni. Sebule ni mita za mraba 20. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, upate 22. Boksi la vigae vinne vya sentimita 60 hufunika mita za mraba 1.44, hivyo utahitaji maboksi 16. Yanunue yote siku moja, na usome ubavuni mwa kila boksi namba ya toleo na ya rangi, kwa sababu kigae cha jina lile lile kutoka toleo jingine huweza kuwa na rangi iliyokolea zaidi, nawe hutaiona hadi kiwe kimekwisha kushika. Siku hizi marumaru nyingi hutoka viwanda vya Mkuranga na Chalinze, mkoani Pwani, na kutoka kule hadi Kigoma ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Fungua maboksi ukiwa pale pale dukani, na ubakize vigae vitatu au vinne vya akiba uvunguni mwa kitanda, kwani mwakani dukani hutavikuta.

Uliza kama ni kigae cha ukutani au cha sakafuni. Cha ukutani hunywa maji mengi na huvunjika kikikanyagwa, hata kama kina sura nzuri na bei nzuri. Kile kigumu kinachoitwa poseleni hunywa chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake, na ndiyo maana hakikamatani na udongo wa saruji wa kawaida. Kinahitaji gundi ya marumaru. Dondoshea tone la maji mgongoni mwa kigae: likizama haraka ni chenye vinyweleo, likikaa juu kama lulu ni poseleni. Kwenye maelezo ya kigae chenye glezi, yaani kilichopakwa usoni tabaka kama la kioo, utakuta pia daraja la uso kustahimili kukanyagwa, kuanzia 1 hadi 5. Kwa sebule na ukumbi wa watoto usishuke chini ya 3, na ukipata 4 ni bora.

Siku ya kuweka, simama hapo. Sehemu inayolia kama debe itinduliwe, na niru iliyobaki ichokolewe kwa patasi sehemu zote ili gundi ipate pa kushika, kwani uso uliosuguliwa polishi miaka arobaini haukamati kitu. Fundi akipaka mabonge matano, manne pembeni na moja katikati, mwambie akitoe kigae hicho. Gundi inatakiwa ienee chini yote, maana pengo lililobaki ndipo mguu wa kochi utakapokivunja. Aache nafasi ya milimita 3 kati ya kigae na kigae, na kubwa kidogo ukutani, ambayo itafichwa na sketingi.

Bafuni tumia vigae vidogo vya mkwaruzo, kwa kuwa maungio mengi yanashika mguu, na sakafu ishuke kuelekea kwenye tundu la maji kwa sentimita 1 hadi 2 katika kila mita. Mwekee mama kishikio cha chuma ukutani, kifungwe kwenye tofali, kisifungwe kwenye kigae pekee.

Bibi wa Mwanga

Na mlangoni mwa bafu msiache ngazi, hata ya kidole kimoja.

Mwana wa Ujiji

Nimeelewa, Bibi, tutaiondoa. Fundi, swali la mwisho ni kuhusu kuta. Wadogo zangu wanataka kuta zote zipigwe skimu ya jipsamu ziwe laini, halafu nusu ya chini ipakwe rangi ya mafuta ili isafishike. Je, hiyo inafaa?

Mwenyeji wa Tabora

Naomba nimjibie Fundi, kwa kuwa mimi kazi yangu ni rangi. Sebuleni na vyumba vya mbele inafaa bila wasiwasi. Katika chumba cha nyuma msifanye hivyo. Jipsamu ikinyweshwa maji inalainika kama uji, na rangi ya mafuta inaufunga ukuta usipumue, kwa hiyo unyevu uliobaki utapanda juu ya mstari wa rangi na mtaona madoa katikati ya ukuta badala ya chini. Hapo pigeni lipu mpya, msubiri wiki nne ikauke na ukali wake upungue, kisha mpake rangi ya maji isiyo na mng'ao, mikono miwili. Ikibabuka tena mahali fulani, mtajua kwamba maji bado yanapita hapo.

Jambo moja la tahadhari: rangi za mafuta za zamani huenda zina risasi. Msizisugue kwa msasa mkavu wajukuu na mama wakiwa ndani. Zilowesheni kwanza, mzikwangue zikiwa mbichi, na vipande mvikusanye kwenye mfuko.

Mwana wa Ujiji

Nimewatumia wadogo zangu majibu haya yote. Mmoja amekubali papo hapo. Mwingine bado anasisitiza nyeupe inayong'aa, nami nimemwambia kwamba akija likizo tutamwaga maji juu ya kipande kimoja ukumbini, atembee kwa mkongojo wa mama kutoka mlango hadi mlango, kisha tuamue. Karo tumelibomoa leo asubuhi.